Bingwa akiondoka, pikipiki inabaki na nini?

*Kila msimu wa MotoGP mashabiki hubishana: anayeshinda ni dereva au ni mashine? Yaliyowapata Honda baada ya 2019 yanatoa jibu ambalo viwanda havipendi kulisikia.*

Jumapili ya Septemba 28, 2025, katika uwanja wa Motegi nchini Japani, wanaume watatu walipanda jukwaani, kila mmoja na kesi yake.

Juu kabisa alisimama Francesco Bagnaia wa Italia, bingwa wa dunia wa 2022 na 2023. Kwa miezi mingi alikuwa akilalamika kwamba anapofunga breki kuingia kwenye kona, tairi la mbele la Ducati yake halimwambii kitu. Wikiendi hiyo alianza mbio akiwa wa kwanza, akashinda zile fupi za Jumamosi, kisha akashinda za Jumapili huku pikipiki yake ikifuka moshi mweupe kuelekea mwisho.

Wa pili alikuwa Marc Márquez wa Hispania, mwenzake katika timu ya kiwanda cha Ducati. Nafasi hiyo ilimtosha. Siku hiyo alitwaa ubingwa wake wa 7 katika daraja la juu, duru 5 zikiwa bado hazijakimbiwa.

Wa tatu alikuwa Joan Mir, pia wa Hispania, bingwa wa 2020 akiwa na Suzuki. Alihamia Honda mwaka 2023, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda jukwaani akiwa na pikipiki ya Wajapani hao.

Siku saba baadaye wakawa Mandalika, Indonesia. Bagnaia yuleyule, na timu yake ileile, akamaliza mbio fupi akiwa wa mwisho. Jumapili akaanguka wakati tayari yuko nyuma ya wote.

Mtu hasahau kuendesha pikipiki kwa wiki moja. Injini nayo haiishiwi nguvu kwa siku saba. Kuna kitu kati ya mkono wa dereva na tairi ambacho siku moja kipo na siku nyingine hakipo, na mabingwa, mainjinia na matajiri wa mchezo huu wamekuwa wakikitafuta kwa miaka mingi.

Siku Rossi alipowaacha Honda

Mjadala huu una siku yake kubwa, na siku hiyo ilikuwa ya Afrika. Ilikuwa Aprili 18, 2004, katika uwanja wa Phakisa mjini Welkom, Afrika Kusini.

Misimu miwili iliyotangulia, Honda walikuwa wameshinda mbio 29 kati ya 32. Pikipiki yao, RC211V, ilionekana kama haihitaji dereva maalumu. Valentino Rossi ndiye aliyetwaa ubingwa wa misimu yote miwili, lakini wengi, wakiwemo watu wa ndani ya mchezo, waliona kwamba hata mwingine angeweza kuutwaa akipewa mashine ile.

Rossi akaondoka. Alikwenda Yamaha, kiwanda ambacho mara ya mwisho kilikuwa na bingwa mwaka 1992, enzi za Wayne Rainey. Msimu wa 2003 Yamaha hawakushinda hata mbio moja, na katika msimu mzima madereva wao walipanda jukwaani mara moja tu.

Pale Welkom, katika mbio zake za kwanza na pikipiki hiyo, Rossi alipambana na Max Biaggi wa Honda hadi mstari wa mwisho na kumshinda kwa sekunde 0.210. Baada ya kuvuka mstari aliegesha kando ya uwanja, akakaa chini karibu na pikipiki yake, kisha akaibusu. Mwisho wa mwaka alikuwa na ushindi wa mbio 9 na taji la dunia.

Kwa wanaoamini katika dereva, kesi iliishia hapo. Mimi naona ndipo ilipoanzia.

Rossi hakwenda Yamaha peke yake. Alimchukua fundi wake mkuu kutoka Honda, Jeremy Burgess wa Australia, mtu aliyemwandalia Mick Doohan pikipiki katika miaka ya ubingwa wake mitano. Huko Yamaha wakamkuta Masao Furusawa, injinia aliyekuwa amekabidhiwa kazi ya kuifufua timu.

Furusawa alikuwa ameona tatizo ambalo wengine hawakulitilia maanani. Katika injini ya kawaida ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, pistoni zote hufika mwisho wa safari yake kwa wakati mmoja, mbili juu na mbili chini, zikasimama kidogo, kisha zikaondoka tena kwa pamoja. Kusimama na kuondoka huko huitikisa krenkshafti, na mtikiso huo husafiri hadi kwenye tairi la nyuma. Dereva aliyelala kwenye kona, anayeongeza mafuta kidogo kidogo, hawezi kutofautisha nguvu aliyoiomba na mtikiso asiouomba.

Akaipanga krenkshafti upya ili pistoni zisisimame kwa pamoja. Kilichobaki kufika kwenye tairi kilikuwa karibu sawasawa na kile ambacho mkono wa kulia uliagiza. Majaribio yalifanyika Sepang, Malaysia, Januari 2004. Rossi aliwekewa injini za aina kadhaa, akachagua hiyo.

Ni nani basi aliyeshinda Welkom? Bila Furusawa, Rossi angekuwa na injini ya zamani. Bila Rossi, Furusawa angekuwa na mchoro mzuri na mtu asiyeweza kuutumia hadi mwisho. Mwenzake Rossi katika timu, Carlos Checa, alikuwa dereva mzoefu na mwenye kipaji. Msimu huo hakushinda hata mara moja.

> Bila Rossi, Furusawa angekuwa na mchoro mzuri na mtu asiyeweza kuutumia hadi mwisho.

Kijana wa Australia na pikipiki isiyompenda mtu

Miaka mitatu baadaye Ducati walimpa pikipiki yao kijana wa miaka 21, Casey Stoner. Alishinda mbio 10 na kuwa bingwa wa dunia wa 2007. Mara moja ikasemwa kwamba ni injini: Ducati ilikuwa inakimbia mno kwenye mstari ulionyooka, na matairi ya Bridgestone yalikuwa yanafanya kazi vizuri.

Mwenzake katika timu, Loris Capirossi, alikuwa na injini hiyohiyo na matairi hayohayo. Alishinda mbio moja. Mwaka uliofuata akaja Marco Melandri, mtu aliyekuwa ameshinda mbio kadhaa akiwa na Honda. Akamaliza msimu katika nafasi ya 17.

Wenye kumbukumbu wanakumbuka jinsi Stoner alivyokuwa akiingia kwenye kona. Pale ambapo mwingine angesubiri tairi la mbele limpe uhakika, yeye hakusubiri. Aliigeuza pikipiki kwa nyuma, akicheza na breki ya mguu na mafuta hadi tairi la nyuma liteleze na kumwelekeza anakokwenda. Udhaifu wa mashine ulikuwepo palepale. Yeye aliuzunguka.

Kwa miaka minne aliwaletea Ducati ushindi wa mbio 23, kisha akahamia Honda mwaka 2011 na kuwa bingwa mwaka huohuo. Nafasi yake ikachukuliwa na Rossi mwenyewe, akiwa na Burgess.

Misimu miwili ikapita bila ushindi hata mmoja. Ducati waliacha fremu ya nyuzi za kaboni, wakatengeneza ya alumini, wakabadilisha kila kilichobadilika. Tairi la mbele likaendelea kunyamaza. Mtu aliyeinua Yamaha hakuweza kuinua Ducati, na kiwanda hicho kilisubiri hadi Agosti 2016, Andrea Iannone aliposhinda nchini Austria, ndipo kikaonja ushindi tena baada ya Stoner.

Watu wengi huitumia hadithi hii kumpunguza Rossi. Nadhani wanamwonea. Ducati walikuwa wamepewa miaka minne ya matokeo mazuri na mtu mmoja, na matokeo hayo yakawaficha ugonjwa. Kila Jumapili Stoner aliposhinda, ilikuwa vigumu kwa injinia kusimama mbele ya bodi na kusema kwamba pikipiki ni mbovu.

Sachsenring haidanganyi

Honda waliyaona yote haya kwa karibu. Bado wakaingia kwenye shimo lilelile, tena refu zaidi.

Marc Márquez alifika kwao mwaka 2013 akiwa na miaka 20, akawa bingwa papo hapo. Hadi 2019 alikuwa ametwaa mataji sita. Uwezo wake mkubwa ni kufunga breki kwa kuchelewa kuliko wote, pikipiki ikiwa imeshalala, na kuliokoa tairi la mbele kwa goti na kiwiko pale ambapo mwingine angekuwa tayari anaserereka kwenye kokoto. Mwaka baada ya mwaka Honda waliitengeneza RC213V ili imruhusu kufanya hivyo zaidi.

Tazama msimu wa 2019. Márquez alipata pointi 420, akishinda mbio 12 kati ya 19 na kumaliza wa pili mara 6. Katika ubingwa wa viwanda, ambako huhesabiwa pikipiki moja tu iliyofanya vizuri zaidi katika kila mbio, Honda walipata 426. Hizo pointi 6 za ziada zilipatikana Austin, Marekani, siku Márquez alipoanguka.

Mwenzake katika timu alikuwa Jorge Lorenzo, bingwa wa daraja la juu mara tatu, aliyekuwa ametoka kushinda mbio tatu akiwa na Ducati mwaka uliotangulia. Akiwa na Honda alipata pointi 28, akavunjika mifupa ya uti wa mgongo Assen, Uholanzi, na mwisho wa msimu akastaafu. Cal Crutchlow, aliyeendesha Honda katika timu ya LCR, alijitahidi, akapanda jukwaani mara tatu, lakini naye hakuficha jinsi pikipiki ile ilivyokuwa ngumu kuiongoza.

Honda walichukua mataji yote mwaka ule: la dereva, la kiwanda na la timu. Lakini pikipiki yao ilikuwa kiatu kilichoshonwa kwa ajili ya mguu mmoja.

Julai 19, 2020, Jerez nchini Hispania, mguu huo ukakosekana. Márquez alirushwa na pikipiki, akavunjika mfupa wa mkono wa kulia, na akakaa nje msimu mzima. Honda walimaliza mwaka bila ushindi kwa mara ya kwanza tangu 1981.

Anayetaka kuelewa zaidi atazame uwanja mmoja tu, Sachsenring nchini Ujerumani. Kona zake nyingi ni za kushoto, na Márquez ameumbwa kwa ajili yake. Tangu 2010 alikuwa ameshinda pale kila alipokimbia. Juni 2021, mkono ukiwa haujapona, akashinda tena.

Juni 2022 hakuwepo. Alikuwa amekwenda kufanyiwa upasuaji wa nne. Siku hiyo hakuna Honda hata moja iliyopata pointi, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka 40.

Juni 2023 alirudi. Alianguka mara tano katika wikiendi moja, akaumia kidole gumba, na Jumapili mchana akajiondoa. Katika uwanja alioutawala kuliko binadamu yeyote, hakuweza hata kujipanga kwenye mstari wa kuanza mbio za Jumapili.

> 2021 alishinda. 2022 hakuwepo, Honda hazikupata pointi. 2023 alianguka mara tano.

Hii miaka mitatu naihesabu kuwa ushahidi mzuri kuliko takwimu zote za mchezo huu. Mwaka wa kwanza kipaji kiliifunika mashine. Wa pili, mashine ilionekana ilivyo. Wa tatu, kipaji kikafika mwisho wake, na gharama yake ikawa ni mwili wa mtu.

Mainjinia nao wana hoja yao

Wanaosema mashine ndiyo yenye neno la mwisho hawakosi ushahidi. Mwaka 2024 Ducati walishinda mbio 19 kati ya 20. Aliyewanyima ya 20 ni Maverick Viñales wa Aprilia, pale Austin. Bingwa alikuwa Jorge Martín, ambaye hakuwa hata katika timu ya kiwanda. Alikuwa Pramac, timu huru iliyopewa Ducati sawa na za wakubwa.

Nyuma ya mafanikio hayo yuko Luigi Dall'Igna, maarufu kama Gigi, aliyetoka Aprilia kujiunga na Ducati mwishoni mwa 2013. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kuichukulia hewa kama sehemu ya pikipiki. Yakaja mabawa ya pembeni yanayoisukuma chini. Kikaja kifaa cha kushusha mgongo wa pikipiki inapotoka kwenye kona, ili tairi la mbele lisinyanyuke na nguvu yote iende barabarani. Wengine walilalamika, kisha wakaiga.

Pikipiki hizi zina nguvu ya farasi karibu 300 na uzito wa kilo 157. Brad Binder wa Afrika Kusini, akiwa na KTM, aligusa kilomita 366.1 kwa saa pale Mugello mwaka 2023. Kwa mwendo huo, anayeamua kama pikipiki itabaki chini ni mchoraji wa mabawa kabla ya dereva.

Lakini siri kubwa ya Dall'Igna, kwa maoni yangu, haikuwa bawa. Kati ya 2022 na 2024 Ducati walikuwa na pikipiki nane uwanjani, na taarifa za kila dereva zilionekana na wenzake wote. Ukishindwa kona ya tatu, kompyuta inakuonyesha mwenzako alifunga breki wapi na alianza lini kuongeza mafuta. Injinia naye anaona wanaume wanane wenye mikono tofauti wakilalamikia jambo lilelile, au wasilalamike. Honda waliisikiliza sauti moja. Ducati walisikiliza nane.

Ndiyo maana Márquez alipohamia kwao mwaka 2024, katika timu ndogo ya Gresini, alikuta pikipiki ambayo tayari ilikuwa inamfaa karibu kila mtu. Alipewa ya mwaka uliopita. Madereva wanne walikuwa na toleo hilo la zamani msimu ule, na yeye peke yake ndiye aliyeshinda nalo, mara tatu. Hapo tena dereva alionekana. Pikipiki nzuri haikufuta tofauti kati ya watu. Iliiweka wazi, kwa sababu wote walikuwa na kifaa kimoja.

Hata tairi lina siasa zake. Kanuni inataka upepo wa tairi la mbele usishuke chini ya kiwango kilichowekwa, na anayekamatwa anaongezewa sekunde za adhabu. Ukiwa mbele peke yako, tairi linapoa na upepo unashuka. Machi 2025, Buriram nchini Thailand, Márquez alikuwa anaongoza, akaona kipimo kinaelekea pabaya. Akapunguza mwendo, akamwachia mdogo wake Álex apite, akakaa nyuma yake katika joto lake hadi tairi likawa sawa. Zikiwa zimebaki raundi chache akampita na kushinda. Kompyuta ilitoa taarifa. Uamuzi wa kuutoa uongozi kwa hiari ulikuwa wa mtu.

Hatari iliyopo sasa Ducati

Turudi kwa Bagnaia. Mwaka 2024 alishinda mbio 11 na kuukosa ubingwa kwa pointi 10. Mwaka 2025, na pikipiki mpya, alishinda mbili. Márquez, na pikipiki hiyo mpya, alishinda 11 za Jumapili na 14 za Jumamosi. Álex Márquez, akiwa na Ducati ya mwaka uliopita, alishinda tatu na kumaliza msimu akiwa wa pili.

Zisome tarakimu hizo taratibu. Mdogo mtu mwenye pikipiki ya zamani alimshinda bingwa wa mara mbili mwenye pikipiki mpya. Ama Bagnaia alizeeka ghafla akiwa na miaka 28, ama Ducati walitengeneza mashine ambayo mtu mmoja aliweza kuizoea na wengine wakawa wanapapasa.

Sura hiyo tunaijua. Tuliiona kwa Ducati ya Stoner, tukaiona tena kwa Honda ya 2019. Mataji yanaingia, picha zinapigwa, na malalamiko ya dereva wa pili yanachukuliwa kuwa udhaifu wa moyo wake. Mtu anapopoteza uhakika na tairi la mbele, ni rahisi kumpeleka kwa mwanasaikolojia kuliko kufungua fremu.

Na kinachopotea ni kikubwa kuliko nafasi katika msimamo. Dereva anayelazimisha pikipiki isiyomfaa huanguka, na huanguka kwa kasi ambayo mfupa hauihimili. Mir aliyapitia hayo msimu wake wa kwanza Honda. Lorenzo yalimstaafisha. Viwanda navyo havina subira: Suzuki walikuwa na bingwa mwaka 2020, na mwisho wa 2022 wakafunga virago na kuondoka kabisa.

2027 inakuja na karatasi nyeupe

Kuanzia 2027 kanuni zinabadilika. Injini zitashuka kutoka sentimita za ujazo 1,000 hadi 850. Vifaa vya kushusha pikipiki, wakati wa kuanza mbio na kwenye kona, vitapigwa marufuku. Mabawa yatapunguzwa. Matairi yatakuwa ya Pirelli badala ya Michelin.

Waandaaji wanatumaini kwamba dereva atarudishiwa nafasi yake. Naungana nao kuhusu vifaa vya kushusha pikipiki: tangu viingie, kazi ya kuzuia tairi la mbele lisinyanyuke, iliyokuwa ya mkono na mwili, imegeuka kubonyeza kitufe. Kuhusu mabawa sina matumaini makubwa. Wahandisi wa hewa hawafukuzwi na kanuni. Huhamia sentimita zilizobaki.

La muhimu zaidi ni nani atakayesikilizwa pikipiki hizo mpya zinapochorwa. Honda wanaonekana kujifunza kwa uchungu. Walimleta Romano Albesiano kutoka Aprilia kuongoza ufundi, wakamwajiri Aleix Espargaró kuwa dereva wa majaribio, na msimu wa 2025 madereva wao watatu walikuwa na la kusema. Johann Zarco alishinda Le Mans, Ufaransa, kwenye mvua. Mir alipanda jukwaani Motegi. Luca Marini, asiyetajwa sana, alikusanya pointi wiki baada ya wiki, na duru ya mwisho Valencia Honda wakapanda kutoka kundi D la viwanda dhaifu, lenye nafuu nyingi za majaribio, hadi kundi C. Hakuna Márquez pale. Pikipiki ile ilipanda kwa mikono ya watu watatu wasiofanana.

Kwa hiyo majaribio ya kwanza ya 2027 yakianza, vichwa vya habari vitakuwa vya yule mwenye muda bora. Mimi nitaanza na orodha kutoka chini: Ducati ya mwisho iko sekunde ngapi nyuma ya Ducati ya kwanza, na Honda ya nne iko wapi.